Samaki wa Jina Moja, Koo Tofauti: Fahamu Anuai ya Vinasaba vya Samaki wa Bahari

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Alfajiri, vyombo vya uvuvi vinapotia nanga katika diko la Kunduchi, Manispaa ya Kinondoni, samaki hushushwa na kupangwa kwa majina ambayo kila mnunuzi anayafahamu: changu, tasi, kolekole, vibua, nguru, chewa na dagaa. Bei hupangwa kwa jina la samaki, kwa ukubwa wake na kwa ubichi wake. Jambo lisiloonekana kwa macho wala kutajwa mnadani ni nasaba ya samaki huyo: amezaliwa na kundi gani, katika eneo gani la bahari, na kundi hilo limebakiwa na wazazi kiasi gani.

Wataalamu wa sayansi ya uvuvi huliita jambo hilo anuai ya vinasaba, yaani tofauti za kurithi zilizopo miongoni mwa samaki wa aina moja na baina ya makundi yao. Kwa mvuvi wa Kunduchi, Msasani, Ununio au Mbweni, suala hili linaweza kuonekana kuwa la maabara pekee. Hata hivyo, ndani yake limo swali linalogusa riziki ya kila siku: samaki wanaovuliwa leo watarudishiwa na wengine kutoka wapi? Jibu la swali hilo ndilo linalosaidia kuamua ni eneo gani la bahari lipumzishwe, kwa ajili ya samaki wa aina gani, na ni wavuvi wa wapi watakaonufaika na subira hiyo.

Vinasaba ni nini?

Wananchi wengi wamelisikia neno vinasaba kupitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo inahusika na upimaji wa vinasaba vya binadamu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu Na. 8 ya mwaka 2009. Kwa vipimo hivyo huweza kufahamika kama watu wawili ni wa damu moja, au mabaki yaliyopatikana ni ya nani. Msingi wa vipimo hivyo ni kwamba ndani ya kila seli ya kiumbe yamo maelezo ya kurithi, yaliyoandikwa kwa mpangilio maalumu wa kikemikali, ambayo mzazi humpa mtoto.

Samaki naye ana maelezo hayo. Kila anapozaliana, nakala ya maelezo hupita kwa kizazi kinachofuata, na mara chache hutokea mabadiliko madogo katika nakala hiyo. Makundi mawili yakiishi mbalimbali kwa muda mrefu bila kuzaliana, kila moja hukusanya mabadiliko yake, mfano wa ndugu waliotawanyika na kuhamia miji tofauti hadi wajukuu wao wakawa na lafudhi zisizofanana. Kwa kulinganisha mabadiliko hayo, mtaalamu anaweza kukadiria kama makundi hayo bado yanachanganyika, na kama hayachanganyiki, yalitengana lini.

Anuai hiyo hutazamwa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni baina ya spishi zinazobeba jina moja sokoni. Neno dagaa, kwa mfano, hutumika pwani kwa samaki wadogo wa aina kadhaa, na jina changu hujumuisha spishi mbalimbali zinazotofautiana kwa ukubwa, umri wa kuzaa na mahali pa kuishi. Ngazi ya pili ni baina ya makundi ya spishi moja yanayoishi maeneo tofauti. Ya tatu ni baina ya samaki mmoja na mwingine ndani ya kundi hilohilo.

Ngazi zote tatu zina umuhimu wake. Takwimu za uvuvi zinazojumlisha spishi tano chini ya jina moja zinaweza kuonesha kwamba mavuno hayajapungua, wakati spishi mojawapo kati ya hizo inakaribia kwisha na pengo lake linazibwa na nyingine. Hali kadhalika, takwimu zinazojumlisha makundi mawili ya spishi moja zinaweza kuficha kudhoofika kwa mojawapo.

Akiba isiyoonekana

Wahenga walisema akiba haiozi. Anuai ya vinasaba ni akiba ambayo kundi la samaki huiweka kwa ajili ya siku zisizotabirika. Katika kundi lenye tofauti nyingi za kurithi, wapo wanaostahimili joto kuliko wenzao, wapo wanaostahimili ugonjwa fulani, na wapo wanaozaa mapema au kuchelewa msimuni. Mazingira yakibadilika, hata kama wengi watakufa, huwa wapo watakaobaki na kuendeleza kizazi. Kundi ambalo wote wanafanana halina nafasi hiyo. Linalomuua mmoja linaweza kuwaua wote.

Pwani ya Tanzania inao mfano wa karibu katika zao la mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa kutumia mbegu zilizotoka Ufilipino, na mbegu hizo zimekuwa zikizalishwa kwa kukata vipande na kuvifunga upya katika kamba. Kwa njia hiyo, kila kipande huwa ni nakala ya mmea uliotangulia. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wakulima wa mwani aina ya cottonii, ambao bei yake ni nzuri zaidi, wamekumbwa na vifo vya zao hilo yanapoongezeka joto la maji na maradhi. Zipo sababu kadhaa za vifo hivyo, lakini ufinyu wa anuai katika mbegu unahesabiwa na wataalamu kuwa moja ya udhaifu wa zao hilo.

Mfano wa upande wa pili unatoka katika ghuba ya Bristol Bay, Alaska, nchini Marekani, ambako samaki aina ya samoni huvuliwa kwa wingi. Samoni hao si kundi moja, bali ni mamia ya makundi madogo, kila moja likirudi kuzaa katika mto au kijito chake. Mwaka mmoja makundi ya mito hii hustawi na ya mito mingine hupungua. Mwaka unaofuata hali huweza kugeuka. Watafiti waliochambua kumbukumbu za uvuvi wa eneo hilo kwa takribani nusu karne walibainisha mwaka 2010 kwamba, kama samoni hao wangekuwa kundi moja lenye tabia moja, uvuvi ungelazimika kufungwa mara nyingi zaidi, takribani mara kumi ya ilivyo sasa. Utofauti wa makundi ndiyo uliowapa wavuvi uhakika wa kwenda kazini.

Mikondo, kusi na kaskazi

Kinachoamua kama makundi ya samaki yatachanganyika au yatatengana ni mambo mawili makubwa: namna samaki anavyozaa na namna bahari inavyotembea.

Samaki wengi wa miamba, wakiwemo changu na chewa, humwaga mayai na mbegu za kiume majini. Mayai hayo hayalindwi na mzazi. Huelea, huanguliwa, na vifaranga wachanga hubebwa na maji kwa siku nyingi, mara nyingi kwa wiki kadhaa, kabla ya kutua katika mwamba au majani ya bahari yanayowafaa. Kwa hiyo changu mkubwa anaweza kuishi maisha yake yote katika eneo dogo, ilhali watoto wake wakapelekwa mbali na mkondo.

Katika pwani ya Tanzania, mkondo mkuu unafahamika. Mkondo wa Ikweta wa Kusini husafiri kutoka mashariki mwa Bahari ya Hindi na kulikuta bara la Afrika karibu na eneo la mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ambako hugawanyika. Tawi moja hupanda kuelekea kaskazini na kuwa Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaopita Mtwara, Lindi, Kilwa, Mafia, Dar es Salaam na Tanga hadi Kenya. Wakati wa kusi, mkondo huo hupata nguvu zaidi. Wakati wa kaskazi hupungua kasi. Manahodha wa majahazi walizifahamu pepo hizi mbili kwa karne nyingi na kupanga safari zao kwazo. Vifaranga wa samaki nao husafiri kwa ratiba hiyohiyo, ingawa wao hawachagui pa kwenda.

Maana yake kwa Kinondoni ni kubwa. Sehemu ya samaki wanaokulia katika miamba ya Kunduchi na Msasani inaweza kuwa imeanguliwa kusini, na mayai yanayomwagwa jirani na kisiwa cha Mbudya yanaweza kutoa samaki watakaovuliwa Bagamoyo au mbele zaidi. Uharibifu unaofanyika katika eneo moja, kwa hiyo, hauishii hapo, na hifadhi iliyopo wilaya moja huweza kulisha wilaya nyingine.

Silikanti wa Tanga

Mfano ulio wazi kuliko yote wa umuhimu wa vinasaba katika bahari ya Tanzania ni ule wa samaki wa kale, silikanti, ambaye jina lake la kisayansi ni Latimeria chalumnae. Samaki wa jamii yake walifahamika kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, na wanasayansi waliamini kwamba walitoweka pamoja na dinosaria, miaka ipatayo milioni 66 iliyopita. Mnamo Desemba 1938, silikanti mmoja alinaswa na meli ya uvuvi karibu na mji wa East London, Afrika Kusini, na kutambuliwa kuwa si wa kawaida na Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya mji huo. Mwaka 1952 alipatikana wa pili katika visiwa vya Komoro, na kwa miongo mingi iliyofuata dunia iliamini kuwa Komoro ndiyo makazi yake.

Mwaka 2003, silikanti alivuliwa katika maji ya Tanzania, eneo la Songo Mnara, Kilwa. Baada ya hapo wavuvi wa Tanga, waliokuwa wakitumia nyavu za jarife kuvulia papa katika maji ya kina kirefu, walianza kuwanasa silikanti mmoja baada ya mwingine. Ndipo likazuka swali ambalo macho hayangeweza kulijibu. Je, samaki hao walikuwa wageni waliopotea njia kutoka Komoro, au walikuwa wenyeji wenye kundi lao?

Jibu lilitolewa na vinasaba. Mwaka 2011, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo, nchini Japani, kwa kushirikiana na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, walichapisha matokeo ya kulinganisha vinasaba vya silikanti wa Komoro, wa kusini mwa Tanzania na wa kaskazini mwa Tanzania. Ilibainika kwamba silikanti wa kusini wana uhusiano wa karibu na wale wa Komoro, ambapo silikanti wa Tanga ni kundi linalojitegemea, lililotengana na wenzake yapata miaka 200,000 iliyopita.

Matokeo hayo yana maelezo ya kimaumbile. Silikanti hamwagi mayai yanayoelea. Hubeba mimba na kuzaa watoto waliokwisha kukamilika. Huishi katika mapango na miteremko ya kina kirefu na hana kipindi cha utoto cha kubebwa na mikondo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba silikanti huweza kuishi karibu miaka 100 na kubeba mimba kwa takribani miaka mitano. Samaki wa namna hiyo akipungua, hafidiwi katika msimu mmoja wala katika kizazi kimoja cha wavuvi.

Zaidi ya yote, matokeo hayo yaliondoa dhana kwamba silikanti wakiisha Tanga, wengine wangekuja kutoka Komoro. Wakitoweka hao, historia ya miaka 200,000 imefutika na hakuna pa kuagiza mbadala. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili umemweka silikanti huyu katika daraja la viumbe vilivyo hatarini sana kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imezuiwa chini ya Mkataba wa CITES. Kwa upande wake, Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 552, katika ukanda wa pwani unaoanzia kaskazini mwa mlango wa Mto Pangani na kupita Jiji la Tanga.

Mpaka wa usimamizi ufuate mpaka wa samaki

Silikanti na jodari wote ni samaki wa Bahari ya Hindi, lakini hawawezi kusimamiwa kwa kipimo kimoja. Jodari wa mapezi ya njano husafiri umbali mrefu, na Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, humfanyia tathmini kama kundi moja la bahari nzima. Nchi moja pekee haiwezi kumlinda samaki huyo, kwa sababu anayeachwa Tanzania anaweza kuvuliwa mbele ya pwani ya nchi nyingine. Kwa silikanti wa Tanga hali ni kinyume: wajibu wote upo hapa nchini.

Kati ya ncha hizo mbili ndipo walipo samaki wengi wanaouzwa Kunduchi. Baadhi yao makundi yao huchanganyika kwa umbali mkubwa, na baadhi huzaliana zaidi na jirani zao. Ndiyo sababu utafiti wa vinasaba hauwezi kufanywa kwa spishi moja na matokeo yake yakatumika kwa zote.

Hapa ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Vinasaba vya samaki wa maeneo mawili vikifanana, haina maana kwamba eneo moja linaweza kulijaza lingine samaki. Tuchukue mfano wa kufikirika: katika kila kizazi, samaki kumi tu kutoka Mafia wanafika Mbudya na kuzaliana na wenyeji. Kumi hao wanatosha kufanya vinasaba vya maeneo hayo visitofautiane sana baada ya vizazi vingi. Lakini samaki kumi hawawezi kujaza hata tenga moja katika diko la Kunduchi. Kwa lugha nyingine, undugu wa mbali ni habari njema kwa afya ya ukoo, ila si hakikisho la kitoweo. Mwamba ukiharibiwa kabisa, kusubiri msaada wa mkondo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko uwezo wa kaya kuvumilia.

Maeneo tengefu ya Kinondoni

Manispaa ya Kinondoni ina bahati ya kuwa na akiba mbele ya macho yake. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na hivi sasa vinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Upande wa kusini wa mkoa vipo pia visiwa vya Sinda, Kendwa na Makatumbe. Wakazi wengi wa jiji wanavifahamu visiwa hivi kwa mapumziko ya mwisho wa wiki, lakini lengo lake la msingi ni kuwapa samaki mahali pa kukua hadi kuzaa.

Faida ya eneo tengefu kwa vinasaba inatokana na ukubwa wa samaki wanaobaki ndani yake. Samaki jike mkubwa hutoa mayai mengi mara nyingi zaidi kuliko yule anayezaa kwa mara ya kwanza. Kwa chewa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadhi yao hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Uvuvi unaochagua wakubwa pekee huweza kuliacha kundi likiwa na madume wachache mno. Hapo hata kama idadi ya samaki inaonekana kuwa kubwa, watoto wote hutokana na baba wachache, na anuai hupungua kizazi hadi kizazi.

Ni kweli kwamba kulifunga eneo kuna gharama. Mvuvi mwenye ngalawa au mtumbwi mdogo hana uwezo wa kwenda mbali kama mwenye boti la injini, na eneo la karibu likifungwa yeye ndiye anayeumia kwanza. Mama anayekaanga samaki huona upungufu huo katika beseni lake siku hiyohiyo, wakati faida ya hifadhi huchukua miaka kuonekana. Kwa sababu hiyo, ushahidi wa mahali samaki wanapotoka na wanapokwenda una kazi ya haki pia. Unasaidia kufunga eneo lenye manufaa ya kweli badala ya eneo lolote, na unawawezesha wavuvi kupitia Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi kuuliza maswali na kupata majibu yenye vipimo.

Namna anuai inavyopotea

Anuai ya vinasaba haipotei kwa siku moja, na mara nyingi hupotea kabla samaki hawajaisha. Njia ya kwanza ni uvuvi haramu. Mlipuko wa baruti hauchagui. Huua mzazi, kifaranga na tumbawe ambalo vifaranga wajao wangetua. Kokoro nalo huzoa wachanga kabla hawajazaa hata mara moja, hivyo nasaba zao huishia ufukweni.

Njia ya pili ni uvuvi halali uliozidi kiasi. Katika pwani ya Newfoundland, nchini Kanada, samaki wa maji baridi aitwaye kodi alivuliwa kwa karne kadhaa kabla ya kundi la kaskazini kuporomoka na Serikali ya nchi hiyo kulifunga mwaka 1992. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza kazi, na zuio hilo lilidumu zaidi ya miaka 30. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulionesha kwamba kabla ya kuporomoka, samaki hao walikuwa wakianza kuzaa wakiwa na umri na umbo dogo zaidi, dalili iliyotafsiriwa kuwa uvuvi ulikuwa umewapunguza wenye kurithi tabia ya kukua kwanza na kuwaacha wenye kuwahi kuzaa. Dalili hiyo ilikuwepo kabla ya anguko.

Njia ya tatu ni kuchanganya samaki kwa mikono ya binadamu. Katika maji baridi, utafiti uliofanyika nchini umeonesha sato wa asili ya Mto Nile, aliyesambazwa kwa ajili ya ufugaji, akizaliana na spishi za asili za jamii ya perege pale wanapokutana. Hilo ni funzo kwa ufugaji wa samaki wa bahari unaoendelea kupanuka. Kabla ya vifaranga kuhamishwa kutoka eneo moja la pwani hadi jingine, inafaa kufahamu kama wanakopelekwa wapo ndugu zao, na ni ndugu wa kiwango gani.

Njia ya nne ni mabadiliko ya tabianchi. Joto la bahari la mwaka 1998 lilisababisha kupauka na kufa kwa matumbawe katika maeneo mengi ya pwani ya Afrika Mashariki. Matumbawe yanapokufa, makundi ya samaki yanayoyategemea hupungua na kukatika vipande vidogo, na kundi dogo hupoteza anuai kwa kasi kuliko kubwa.

Sampuli huchukuliwaje?

Kituo cha TAFIRI cha Dar es Salaam kipo Kunduchi, jirani na wavuvi wenyewe. Kazi ya kupima vinasaba huanzia sokoni au chomboni, ambapo mtaalamu hukata kipande kidogo cha pezi, chenye ukubwa usiozidi ukucha, na kukihifadhi katika kichupa chenye alkoholi. Samaki hapungui uzito wa kuathiri bei, na ikiwa yupo hai anaweza kurudishwa majini. Pamoja na sampuli huandikwa spishi, urefu, tarehe na mahali alipovuliwa.

Taarifa ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo inayomhitaji mvuvi. Maabara inaweza kusoma vinasaba kwa usahihi mkubwa, lakini haiwezi kujua samaki alivuliwa mwamba gani. Mvuvi akitaja Fungu Yasini ilhali alivua Mafia, kwa kuhofia kuonesha maeneo yake au kwa kuhofia adhabu, hitimisho litakuwa na kosa, na uamuzi utakaofuata utamrudia yeye mwenyewe.

Mwananchi asiyevua naye ana nafasi yake. Mnunuzi anayekataa samaki waliovuliwa kwa baruti huondoa soko la uharibifu huo. Mvuvi anayemnasa silikanti, awe Tanga, Kilwa au mbele ya Kinondoni, anapaswa kumtaarifu ofisa uvuvi aliye karibu mapema iwezekanavyo, kwani kipande cha pezi lake kinaweza kuongeza taarifa juu ya kundi ambalo bado lina mengi ya kuchunguzwa.

Tanzania Bara ina ukanda wa pwani wa kilomita zipatazo 1,424, na bahari iliyo mbele yake haina ukuta kati ya Mkoa mmoja na mwingine. Samaki anayenunuliwa Kunduchi asubuhi anaweza kuwa ameanguliwa katika mwamba ambao mnunuzi hajawahi kuusikia, na watoto wake wakawa wamekwisha kupelekwa na kusi kwenye diko la watu wengine. Kulinda nasaba hizo ni kuhakikisha kwamba vyombo vinavyotia nanga alfajiri vinaendelea kurudi na kitu, kwa wavuvi wa leo na kwa watoto wao.